Nyasi Juu ya Nyasi

Mimi nguruwe nawajua, na sisemi hivyo ili nisifiwe. Kikundi chetu cha akina mama hapa Kirushya kiliponichagua niwe mwalimu wa usafi wa mabanda, sikushangaa. Wangemchagua nani mwingine? Nilifundisha nilivyolelewa. Bibi yangu alitandika nyasi laini sakafuni kwake, na zikichakaa alitandaza nyingine juu yake, mpaka nyumba ikanukia vizuri na ukikanyaga unadhani ni godoro. Nikawaambia wenzangu wafanye hivyo hivyo bandani: kila asubuhi nyasi mpya juu ya zile za jana. Banda langu lilipendeza mpaka wapita njia walikuwa wanasimama kulitazama.

Utaratibu wa kikundi ni rahisi. Ukipewa nguruwe jike, akizaa unatoa mtoto jike mmoja kwa mwenzako anayefuata kwenye orodha. Aliyenifuata mimi alikuwa jirani yangu, mjane, na hiyo ilikuwa zamu yake ya pili. Mara ya kwanza alipewa mtoto wa nguruwe aliyetoka kuachishwa kunyonya, mtoto huyo akahara siku chache, akafa. Nilisimama mkutanoni, mbele ya wanawake wote, nikasema nguruwe hafi kwa kuhara kwenye banda safi, kwa hiyo mwenzetu huyu ni mchafu. Aliinamisha kichwa. Wakamrudisha mwisho wa orodha, akaanza kungoja upya.

Basi nguruwe wangu akazaa watoto kumi, majike matatu. Nilitamba kijiji kizima. Siku ya tatu nikaingia bandani nikakuta mikia imelowa na majimaji ya njano yametapakaa kila mahali. Kesho yake majike wawili walikuwa wamekufa, na madume wawili. Jike aliyebaki alikuwa amelala pembeni, macho yameingia ndani, hana hata nguvu ya kulia. Huyo ndiye aliyekuwa wa jirani yangu. Nikapiga simu kwa bwana mifugo.

Alikuja kwa pikipiki, kijana wa umri wa kitindamimba wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikamjibu kwa mkato. "Na usianze na habari za uchafu. Banda langu ni safi, muulize mtu yeyote."

Aliomba jembe la meno, akalichomeka kwenye nyasi, akainua. Yesu na Maria! Chini kulikuwa kweusi, kumelowa, mvuke unapanda, na harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili.

"Juu ni safi, mama," akasema. "Nguruwe mkubwa ana bakteria tumboni ambao yeye hawamsumbui. Wanatoka na kinyesi. Hapa chini wamepata joto na unyevu, wamezaliana. Mama yao analalia humu, chuchu zinapakaa, watoto wananyonya na uchafu wake."

Nilimnyang'anya jembe, nikachomeka kona nyingine; nako kulikuwa hivyo hivyo.

Aliwachoma sindano wote. Akanionyesha kuchanganya maji yaliyochemshwa na sukari na chumvi kidogo. Tukatoa nyasi zote mpaka sakafuni, tukasugua, tukaacha pakauke, tukamwaga chokaa. Yule jike nilimfunga kwenye khanga kifuani, nikamnywesha kijiko kwa kijiko. Nililia, nisiwafiche. Sikuwa namlilia nguruwe tu. Nilikuwa nafikiria mwanamke aliyeinamisha kichwa mkutanoni.

Sita walipona, na yule jike akiwemo. Alipoachishwa kunyonya nilimbeba mwenyewe hadi kwa jirani. Alimpokea, akamkagua masikio, akamgeuza mkia, akatabasamu. Nikamwambia moja kwa moja, maana sijui kuzunguka.

"Dada, yule wako wa kwanza, ulimtandikia vipi?"

"Kama ulivyotufundisha," akasema. "Kila asubuhi. Hata siku niliyokuwa na homa nilienda kukata nyasi kule mlimani."

"Basi ni mimi niliyemuua. Nilifundisha vibaya. Nisamehe."

Alimkuna yule mtoto wa nguruwe mgongoni. Nilitegemea aniambie yameisha, kama tunavyoambiana watu wa dini moja.

"Uliponiita mchafu tulikuwa wangapi pale?" akauliza.

"Wote."

"Na hapa tuko wangapi?"

Jumapili baada ya misa wanawake walikaa kwenye viti vyao vya plastiki kama kawaida. Mwenyekiti akaniita nitoe somo la usafi. Nikasimama mbele, nikamtafuta jirani yangu kwa macho. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma kabisa, alipozoea kukaa tangu siku ile. Nikamwomba aje akae mbele, nikamngoja mpaka akafika, ndipo nikafungua mdomo.