Matairi ya Rika Moja

Ilikuwa mwaka elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, nimekosea, ni ishirini na tatu, maana ishirini na mbili goti lilinizuia na sikufika mtaa wa Ufukoni hata mara moja. Basi ishirini na tatu, nikiwa katika kutembea kwangu, nilimkuta Hadija amechuchumaa kwenye banda la matairi ya mtumba, anazungusha ukili kwenye tairi.

Ukili, kwa asiyejua, ni ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa kwanza, halafu ndiyo unashonwa kuwa mkeka. Hadija ni msusi wa mikeka. Gari aliachiwa na mumewe, Bakari, aliyekwenda Lindi kutafuta maisha na mpaka leo hajarudi. Ni gari lile linalovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, na kwa hilo Hadija hupeleka watu Msimbati, kwenye mchanga ambao magari mengine huzama mpaka tumboni.

Kabla ya kuondoka, Bakari alinunua matairi mawili mapya akayafunga mbele, nyuma akaacha vipara. Namba za ubavuni zilikuwa sawa, akaridhika. Lakini tairi lililolika ni dogo, huzunguka mara nyingi kuliko jipya, na kwenye gari la namna ile yote manne yanategemeana. Yakavutana mwendo wote. Mwezi wa pili tangu hapo difu, ile giya inayogawa nguvu kwa magurudumu, ikaungua njiani. Gari lilirudi mjini likivutwa na trekta, na Hadija akasuka mikeka mwaka mzima ndipo likatembea tena.

Sasa matairi yote manne yalikuwa vipara, na siku ilikuwa Alhamisi. Ijumaa alikuwa amemwahidi mwalimu Agnes wa Msimbati kumleta hospitali. Mtoto alikaa vibaya tumboni, manesi wakasema lazima azalie mjini.

"Dada Hadija, usiniangushe," Agnes alimwambia kwenye simu. "Bodaboda na tumbo hili sipandi."

Mapya ya saizi ile hayakuwepo mjini. Difu ikifa tena mchangani, gari ndiyo limekwisha, na Agnes yuko ndani yake. Kwa hiyo Hadija alikuwa anapima mzunguko wa kila tairi la mtumba kwa ukili.

"Mama, haya manne ni saizi moja," alisema Dickson, mwenye banda, kijana wa Mbeya. "Soma mwenyewe."

"Nimesoma. Namba ni jina tu, mwanangu. Kuna mzee pale bandarini anaitwa Dickson, ndiyo mlizaliwa siku moja?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka rika moja."

Dickson hakuelewa. Hashimu, fundi pancha wa pembeni, Myao na mtani wa Hadija, akacheka. "Anataka waliotoka jando moja, bwana!"

Matatu yalilingana, ukili ulifika kwenye fundo lile lile alilolipiga kuwa alama. La nne likazidi upana wa kidole gumba. Lilikuwa bado na kashata, yale meno ya tairi, nene kama halijaona barabara.

"Hilo ndilo zuri kuliko yote," Dickson akasema. "Unalikataa zuri?"

"Limewazidi wenzake."

Wakapekua rundo lote, halikupatikana jingine. Hadija akarudi kwenye lile zuri.

"Hashimu, una grainda?"

"Ninayo."

"Linyoe."

Hashimu akashika kiuno. "Nyie Wamakonde! Meno mkachonga, nyuso mkachanja, sasa mmehamia kwenye matairi?"

"Nyoa wewe Myao. Ukimkata mwali wangu, utalipa na ukoo wako."

Alinyoa tangu baada ya adhuhuri mpaka karibu na magharibi, kidogo kidogo, mavumbi meusi yakimjaa kwenye nyusi. Kila akizunguka mara moja, Hadija alipima. Dickson aligeukia ukutani, akasema hawezi kutazama kitu kizuri kikiharibiwa hivyo. Nami nilikaa, sikuwa na pa kwenda. Ukili ulipofika kwenye fundo, Hadija aliukunja akautia kwenye mkoba.

Safari yenyewe sikuiona, nilisimuliwa na Agnes. Anasema walipofika mchangani Hadija alishuka akapunguza upepo kwenye matairi yote, kwa kipimo kimoja. Kisha wakapita. Njia nzima Hadija kichwa kakiinamisha kidogo, anasikiliza nyuma iliko difu. Haikulia. Mtoto alizaliwa jioni ile ile, wa kike.

Juma lililofuata nilipita kwa Hadija, nikamkuta barazani na kazi yake. Nikamuuliza nani alimfundisha kupima matairi.

"Mkeka, babu. Ukili mmoja ukizidi upana, mkeka wote unapinda. Siku Bakari alipoyaleta yale mawili mapya, alipokwenda msikitini niliyazungushia ukili. Yalizidi yale ya nyuma kwa vidole viwili."

Halafu nikamuuliza swali ambalo nimelirudia mara tatu tangu siku ile, na kila mara yeye huchovya ukindu kwenye maji akaendelea kusuka: kama ulijua, Hadija, mbona hukumwambia mumeo?