Bakuli la Sukari Mezani

Walisema sitaweza. Baba mdogo alitamka mbele ya watu, sebuleni kwake Ilemela, kwamba aliyesomea hoteli Nairobi hadi akapewa diploma hawezi kurudi Mwanza kuuza chai kando ya njia, na akijaribu atafunga kabla mvua hazijaisha. Wengine walinicheka kwa sababu nilitaka vibanda vinne kwa mpigo, vyenye jina moja na rangi moja. Chai mtu hunywa kwa mama anayemjua, walisema, haina matawi kama benki.

Kufikia Krismasi nilikuwa navyo vyote vinne. Sijui mtu mwingine Mwanza aliyefanya hivyo wakati ule, na nimeulizia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka yalijaa chupa za chai zenye maua, na wafanyakazi wa viwanda vipya vya minofu ya samaki walitoka zamu wakiwa na njaa na hela mkononi. Hadi leo nikinusa iliki asubuhi naiona meza yangu ya Kirumba, mvuke unapanda, ziwa limetulia nyuma ya migongo ya watu. Chai yote niliipika jikoni kwangu kwa kipimo: majani, maziwa, iliki, sukari. Kisha ilisambazwa kwa baiskeli, ili anayekunywa Nyegezi na anayekunywa Kirumba wapate ladha ileile.

Mabenchi nilikopeshwa na seremala, chupa na mwenye duka. Pesa alinipa shangazi, mjane aliyeishi ng'ambo ya kivuko cha Kamanga. Aliuza ng'ombe watatu aliowatenga kwa mahari ya mwanawe. Ukweni walikubali kusubiri hadi mavuno, si zaidi.

"Ukinipotezea hawa," aliniambia, "umempotezea binamu yako mke."

Mwezi wa pili wateja wakaanza kupungua, kwanza kivukoni, halafu kote. Chapati zilirudi jioni zimekauka. Nilionja chai, ilikuwa nzuri. Nikabadilisha majani, nikapaka mabenchi rangi upya, wapi. Mwishowe nikaenda kukaa mwenyewe kwenye kibanda cha kivukoni.

Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri pantoni alionja chai, akaomba sukari. Mama muuzaji akamjibu, kama nilivyomwagiza, kwamba imeshawekwa ya kutosha. Mzee akasukuma kikombe taratibu, akanigeukia mimi niliyevaa tai.

"Miaka ile tulipanga foleni tukapimiwa sukari kama dawa," alisema. "Serikali yenyewe imeacha. Sasa wewe, mjukuu wangu, ni nani?"

Benchi zima likacheka. Mimi nikamkumbuka mama yangu, alivyokuwa akificha robo ya sukari ndani ya sanduku la nguo, ya wageni tu. Jambo hilo sikufundishwa chuoni, lakini si kila mwenye diploma angelielewa palepale. Mimi nililielewa.

Kesho yake kila meza ilikuwa na bakuli la sukari, limejaa hadi juu. Wiki ya kwanza watu waliweka vijiko vitano, sita, wakakoroga kwa kelele huku wakinitazama kama nitasema neno. Niliyajaza tena mabakuli, ingawa iliniuma. Wiki ya tatu wengi walikuwa wameshuka hadi viwili, na mabenchi hayakutosha.

Nilitaka kuwalipa wote siku moja, watu waone. Mavuno yalipoanza, asubuhi moja nilimlipa seremala, nikamlipa mwenye duka, kisha nikavuka Kamanga, nikapitia mnadani, nikafika kwa shangazi nikiswaga ng'ombe watatu, viatu vyangu vya Nairobi vimejaa vumbi.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anawazunguka ng'ombe. Akawashika nundu, akawafungua midomo kutazama meno.

"Umewachagua mwenyewe?"

"Mwenyewe, shangazi."

"Inaonekana. Huyu mweusi anakaribia umri wangu."

Halafu akageukia mlangoni, akamwita binamu, akamwambia afue shati lake jeupe, kesho wanakwenda ukweni.