Feni ya Mtani Wangu

Mimi ni Mzaramo, na kazi imenileta kwa Wasukuma, yaani kwa watani zangu. Ninapima mtetemo wa mashine. Nabandika kifaa chenye sumaku juu ya beringi, nasoma mistari kwenye kioo, kisha nasema mashine ni nzima au inaumwa. Migodini Geita nikisema inaumwa, watu wanakuja na spana. Kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Kishapu ni habari nyingine. Msimamizi wa mashine pale ni Msukuma, na ameshaamua kwamba Mzaramo hasemi la maana kabla ya kula wali wa nazi.

Nami simwachi. Humwambia ule mlima wa ugali anaoumaliza mchana ungetosha kufukia shimo la mgodi. Huula akiwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya feni kubwa inayovuta pamba, eti pana upepo.

Msimu uliopita niliipima feni hiyo nikaona vilele vidogo vimejipanga kwa nafasi sawa, tena vimekua tangu nilipopita mara ya mwisho. Hiyo ni dalili ya beringi iliyopasuka ndani. Ikivunjika, shafti inayoizungusha feni hutoka mahali pake, na mapanga ya feni hayachagui pa kurukia. Nilikitazama kile kigoda, nikamfuata msimamizi.

Nikamwambia azime. Akacheka. Nikamwambia feni itamuua. Akacheka zaidi, akawatangazia vibarua kwamba mtani anataka afe haraka ili aje msibani kuvaa koti lake na kuigiza mwendo wake. Hapo sikuwa na pa kushika, kwa sababu kwetu mtani akikutishia kifo, amekusalimia tu. Nikamwonyesha kioo. Akauliza kama hiyo ndiyo milima ya Uzaramo, maana alisikia kule hakuna hata kichuguu. Nje malori ya pamba yalikuwa foleni, naye akarudi kwenye ugali wake.

Nilikasirika, halafu nikaogopa. Mzee huyu nampenda, na utani wenyewe ndio uliokuwa ukimziba masikio.

Kwa umri ni baba yangu, lakini sisi hatujawahi kuamkiana kwa heshima. Tunaanza na matusi mepesi, tunamaliza nayo. Siku hiyo nilipiga magoti kwenye vumbi la pamba kama wafanyavyo mabinti wa kwao, nikapaza sauti kuishinda feni.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Tonge lilibaki mkononi. Alinichunguza uso mzima akitafuta kicheko, na alipokikosa aliinuka, akaenda kuzima mashine. Vibarua walisimama wakitutazama. Tulisubiri feni ipunguze mwendo, na mlio wake ulipokuwa unazama, hata yeye aliusikia ule mkwaruzo.

Walipoifungua beringi, vipande vya chuma vilimmwagikia kiganjani kama punje za mtama. Alivigeuza kwa kidole, akatazama pale alipokuwa ameketi.

"Nilidhani umefiwa," akasema.

Nilimwambia ilibaki kidogo. 

Alivifunga vile vipande kwenye leso yake, akaitia mfukoni taratibu, ndipo akanigeukia.

"Marahaba, mwanangu."