Katikati Hakuna Mshale

Kifundo cha mguu wangu wa kushoto kilivunjika njiani nikitoka soko la samaki la Ggaba, nikiwa nyuma ya bodaboda na mfuko wa samaki mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha, dereva akataka kunionyesha ubingwa wake, tukaenda chini sote. Watu wa Kampala wana huruma, sikatai, lakini siku hiyo samaki waliokotwa kabla yangu.

Plasta ilipotolewa, nilirudi dukani kwangu Kisenyi, ninakouza mabeseni na ndoo kwa jumla, na Jumapili iliyofuata nikarudi kwayani. Kwaya yetu ni ya ibada ya Kiswahili, Wakenya na Wakongo pamoja, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyesimama mstari wa mbele kuongoza hatua. Sisemi hivyo kwa majivuno. Haya, kidogo ni majivuno. Nilipofika nilikuta kiti cha plastiki kimewekwa mwisho wa mstari. Kiongozi wetu, mama mmoja wa Bukavu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alinishika bega.

"Mama, ikala hapa. Utaimba tu. Mguu haiyapona bado."

"Umepona. Daktari mwenyewe ameniambia niutumie."

"Minaona vile unatembea. Sikukuu ya mavuno iko karibu. Sitaki uanguke mbele ya batu."

Nikakaa. Kiti chenyewe kilitoka dukani kwangu, nilikuwa nimewapa kwaya bure. Niliimba nyimbo zote huku nikitazama migongo ya wenzangu ikienda kushoto na kulia bila mimi, na iliniuma kuliko ile siku ya bodaboda. Nilijiona nimezeeka kwa asubuhi moja.

Binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa Kampala na anayechanganya lugha zote za mji huu, alinivumilia wiki nzima nikigonga sufuria. Jumamosi akasema, "Banange, Mama, umenuna sana! Twende mjini ucheke kidogo." Akanipeleka kwenye jumba moja la maduka, ghorofa ya juu, kwenye ukumbi wa michezo ya mashine. Kelele tupu. Magari ya kuendesha ukiwa umekaa, bunduki za plastiki, na pembeni, mashine ya kucheza dansi.

Nitaieleza, maana nilipoiona mara ya kwanza sikuelewa chochote. Mbele yako kuna skrini. Chini kuna jukwaa la chuma lenye vibao vinne vya kukanyaga: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Muziki ukianza, mishale inapanda kutoka chini ya skrini kuelekea juu, ambako kuna mishale minne mitupu inayongoja. Mshale unaopanda ukifunika ule mtupu, hapo hapo ndipo unakanyaga kibao chake. Ukipatia, mashine inakusifu kwa maandishi makubwa na kuhesabu hatua ulizounganisha bila kosa. Ukiwahi au ukichelewa, inakukemea, na mstari wa uhai ulio juu unapungua. Ukiisha, wimbo unakatwa nawe unatolewa kama mgeni asiyealikwa. Nyuma yako kuna chuma cha kushikilia, kwa wanaochoka.

"Nyabo, mama, hii iko ya vijana," aliniambia mhudumu.

Sasa hapo alikuwa amenichokoza. Nilivua viatu nikapanda.

Nilitolewa kabla ya kiitikio. Nikarudia, nikatolewa tena. Na wimbo ulikuwa rahisi, wa wanaoanza! Mapigo niliyasikia vizuri kabisa, miguu ndiyo iliyokuwa ikichelewa kila mara. Vijana waliokuwa nyuma yetu walijikohoza ili wasicheke. Binti yangu ndiye aliyeona shida iko wapi.

"Mama, mbona kila ukikanyaga unarudi katikati? Katikati hakuna mshale."

Nilisimama nikamtazama. Katika kwaya yetu hatua zote ni moja: toka, rudi. Unatoa mguu, unaurudisha, miguu inakutana. Madhabahu yetu ni ndogo, na asiyerudi anampiga mwenzake kikumbo mpaka kwenye ngoma. Kiongozi wetu ametuimbia hiyo toka-rudi mpaka tunaitembea sokoni. Kwenye mashine, kila nilipokanyaga kulia nilirudi katikati kwa adabu zote, na mshale uliofuata ulikuwa umeshapita. Ilinibidi nijifunze kubaki nilipokanyaga, mguu mmoja ukae kwenye kibao chake mpaka mwingine upate kazi.

Nilibandika vipande vinne vya katoni sakafuni nyuma ya kaunta yangu, kati ya ndoo, na wateja wakiondoka nacheza. Kila Jumamosi tulipanda ghorofani. Nilijifunza kupokezana miguu, kulia, kushoto, kulia, na kugeuza kiuno mguu wa kushoto unapotakiwa upande wa kulia. Nilijifunza mishale mirefu, ile ambayo ukikanyaga huruhusiwi kuinua mguu mpaka mkia wake uishe. Hiyo ndiyo ilinitoa jasho, kwa sababu mara nyingi mguu wa kubaki chini ulikuwa huu wangu wa kushoto, nao unabeba mwili wote huku wa kulia ukikimbia. Nilikuwa nikishika kile chuma cha nyuma, na binti yangu anazomea.

Siku moja, baada ya mazoezi ya kwaya, nilimwambia kiongozi wetu aje anione nikicheza kwenye mashine. Alidhani natania. Lakini Jumamosi alikuja, na kitenge chake cha kutokea na mkoba mkubwa mkononi. Aliitazama mashine juu mpaka chini.

"Ukimaliza wimbo moja ya nguvu," alisema, "bila kushika ile chuma, utarudi mu mstari. Ukishika, utaikala mpaka mavuno ipite. Na hautanuna."

"Sawa," nikasema, nikavua viatu.

Nilichagua wimbo ambao nilikuwa sijawahi kuumaliza. Kwa nini? Kwa sababu ya hasira, na pia kwa sababu alikuwa ameniangalia mguu nilipokuwa nikipanda.

Mwanzo ulikwenda vizuri, mishale ikipanda, mimi nikibaki nilipokanyaga. Kisha ukaja mshale mrefu wa kushoto. Nikaukanyaga, nikaukalia, na mguu wa kulia ukawa unapiga mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kifundo kilianza kuwaka. Mkono wangu ukaenda nyuma wenyewe, ukitafuta chuma.

"Mama, mkono!" binti yangu akapiga kelele.

Nikaurudisha kifuani. Mkia wa mshale ukaisha, nikainua mguu, na ulikuwa bado mguu, mzima, wangu. Mara muziki ukakatika. Wimbo ule una mtego katikati: unanyamaza ghafla, mishale inaganda, na wengi hukanyaga kwa pupa. Lakini mimi ni mtu wa kwaya. Kunyamaza pamoja na kuanza tena pamoja tumefanya miaka yote. Nilihesabu kimoyomoyo, na wimbo ulipoamka nilikuwa nao. Mwishoni mishale ilikuja miwili miwili, ya kuruka. Nikaruka, nikatua kwa miguu yote miwili, nikaruka tena, nikatua, na skrini ikawaka rangi zote kuonyesha nimemaliza.

Nilipiga vigelegele mpaka mhudumu akaja kuona nani amevamiwa. Binti yangu alinikumbatia na jasho langu lote. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kama mtoto.

Kiongozi wetu alimpa binti yangu mkoba, akavua viatu, akapanda. Alichagua wimbo wa wanaoanza. Toka, rudi. Toka, rudi. Mashine ikamtoa kabla ya kiitikio.

"Hii kitu haina adabu!" alisema, akashuka akihema. Alivaa viatu polepole, akautazama mguu wangu mara moja tena, kisha uso wangu. "Mama, kesho vaa viatu ya chini. Tutacheza sana."

Jumapili nilifika mapema. Kiti kilikuwa pale pale mwisho wa mstari, na juu yake mkoba mkubwa wa kiongozi wetu. Nikakipita, nikasimama mbele, mahali pangu, na ngoma ilipolia nikatoa mguu wa kushoto kwanza.