Kilo Nne za Huruma

Mtu wa mizani, jirani yangu wa kazi, hajawahi kumwibia mtu kitu isipokuwa ukweli, na hata huo aliuchukua kwa ridhaa ya mwenyewe. Tumekaa naye bega kwa bega miaka ishirini na tatu mbele ya jengo la posta, mimi na nguo zangu za mtumba, yeye na mizani yake ya chuma yenye uso wa duara kama saa ya ukutani. Unapanda, mshale unazunguka, anakutajia kilo zako, unashuka, unaendelea na maisha.

Mizani hiyo aliinunua kwenye mnada wa vitu chakavu vya zahanati. Chini ya uso wake kuna kitufe cha kurudishia mshale kwenye sifuri. Wengine wangekitumia kuinyoosha mizani. Yeye alikitumia kunyoosha mioyo ya watu. Na pale penye sifuri alibandika ua jekundu la karatasi ya kung'aa, ili mtu asione mshale unaanzia wapi. Wateja walilisifia sana hilo ua.

Enzi hizo kilo zilikuwa sifa. Watu walikuja kupimwa wamevaa vizuri kama wanakwenda kupiga picha. Mama mmoja alimleta binti yake aliyeolewa miezi mitatu, akampandisha, akausoma mshale mwenyewe, akashusha pumzi: "Afadhali. Kumbe huyo mwanamume anakulisha." Wakubwa wa ofisini walitembea tumbo likiwa mbele, wao wakilifuata nyuma kama wasaidizi wake. Ukikonda ulihojiwa barabarani: unaumwa? Kuna nini nyumbani? Jirani yangu akasoma hali, akazungusha kitufe, mshale ukasogea mbele kilo tatu. Kila aliyepanda akashuka amenawiri.

"Mwili umekujia, dada!"

"We, acha! Kweli?"

"Mshale hauna undugu na mtu."

Halafu mambo yakageuka. Mwaka siukumbuki, ila mteja namkumbuka. Alikuwa karani wa benki, akavua viatu kabla ya kupanda. Mimi na jirani tukatazamana. Wiki iliyofuata mwingine akavua viatu na saa. Baadaye ikawa mkanda, mkoba, hereni, na dada mmoja aliyeniomba nimshikie wigi. Maneno ya kisukari na presha yalikuwa yametoka zahanati yakaingia mtaani, na lile tumbo lililokuwa cheo likawa ugonjwa, bila mwenyewe kuandikiwa hata barua ya kushushwa.

Cha ajabu, kadiri watu walivyozidi kuuchukia unene ndivyo walivyozidi kunenepa. Sihitaji mtaalamu anieleze, naona kwenye kamba yangu ya nguo. Zamani suruali za kiuno thelathini ziliisha asubuhi, za arobaini nilifungia mzigo. Siku hizi za arobaini zinagombaniwa, na za thelathini zinanunuliwa na watu wanaoapa kwamba zitawaenea kufikia mwisho wa mwaka. Hawazijaribu. Wanazikunja kwa heshima kama vyeti. Mtu huyo huyo utamwona amepakiwa kwenye pikipiki inayompeleka mtaa wa pili, mkono mmoja soda, mwingine chipsi, akieleza kwamba kwao wana mifupa mikubwa.

Jirani yangu si mtu wa kugombana na zama. Alikizungusha kitufe upande wa pili. Kilo nne nyuma. Wateja wakaongezeka.

Sasa nimlete mke wake. Mimi namwita shemeji. Anapiga pasi kwenye duka la dobi, kazi ya kusimama kutwa, na goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. Wanakaa ghorofa ya tatu, na kila jioni alipanda ngazi hamsini na nne akizihesabu kwa sauti kama anazilaani moja moja. Hospitali wakamwambia goti linatengenezeka. Kuna daktari bingwa anayekuja mara moja kwa mwaka, na sharti lake ni moja tu: siku ya kulazwa, mizani yao isisome zaidi ya kilo tisini. Ikizidi, nafasi anapewa mwingine, naye asubiri mwaka mzima. Na mwaka hakuwa nao, kwa sababu mwenye duka alishamwambia kwa upole kwamba anatafuta mtu mwenye miguu miwili.

Siku alipoambiwa hayo, hospitali walimpima kilo mia na mbili. Jioni akapita kwa mumewe, akapanda. Tisini na nane.

"Umeona, shemeji?" akaniambia. "Mizani yao mbovu. Wagonjwa wameichosha. Mpaka siku yangu ifike, watakuwa wameitengeneza."

Mumewe alikuwa anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Kwa miezi mitatu mwanamke yule alifanya kazi ambayo sijawahi kuona mteja wangu yeyote wa kiuno thelathini akiifanya. Aliacha sukari. Aliacha soda. Aliacha kumalizia sahani za wajukuu. Kila Ijumaa alipanda mizani ya mumewe na kushuka akicheka. Tisini na sita. Tisini na tatu. Tisini na moja.

Nikamvuta jirani pembeni. "Mwambie."

"Nikimwambia ya sasa, ataniuliza ya zamani."

"Zamani ipi?"

Akatazama huku na huku. Akanisimulia kwamba alipokuwa anamchumbia shemeji, mama yake mwenyewe hakumtaka msichana mwembamba. Alisema huyu atazaa nini, njiti za kiberiti? Mizani ilikuwa na wiki mbili tu tangu atoke nayo mnadani. Akampandisha msichana mbele ya mama mtu, na hamsini na mbili zikasomeka hamsini na tano. Mama akaridhika. Msichana akaridhika zaidi.

"Kwa hiyo ndoa yako imesimama juu ya kilo tatu," nikamwambia.

"Ndiyo siku ya kwanza kukigusa kile kitufe, jirani. Kilinijibu vizuri, nikakizoea."

Zikabaki siku kumi na tisa. Ijumaa hiyo shemeji akapanda, mshale ukasimama kwenye themanini na tisa. Akapiga makofi mpaka mshona viatu wa ng'ambo ya barabara akageuka.

"Nimefika! Leo nakula." Akaagiza chipsi sahani mbili na soda baridi. "Siku kumi na tisa zote hizo nikae na njaa ya nini, na mimi nimeshafika?"

Mume akanitazama. Mimi nikakunja suruali iliyokuwa imekunjwa tayari. Siingilii ndoa za watu, haina faida. Lakini pia siwezi kutazama biashara ya miezi mitatu ikivunjika mlangoni.

"Shemeji," nikasema, "muulize mumeo lile ua ni la nini."

Jirani alinipiga jicho ambalo bado sijalisahau, kisha akainama, akalibandua ua taratibu kama mtu anayejibandua plasta penye nywele. Hakuna aliyekuwa juu ya mizani, na mshale ulikuwa umetulia kilo nne chini ya sifuri.

Shemeji akautazama. "Kumbe kwako hata upepo umekonda."

Mume akazungusha kitufe, mshale ukarudi mahali pake. Mke akapanda tena bila kuambiwa. Tisini na tatu.

"Tangu lini?"

"Tangu watu walipoanza kuvua viatu."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa naongeza."

Nikaona uso wake ukirudi nyuma miaka yote ile, ukifika, ukisimama. "Ile siku ya mama?"

"Ulikuwa hamsini na mbili," akasema mume, akiitazama lami.

Akacheka, cheko la kuhamisha wateja. "Mama yako alikataa mifupa, ukamuuzia nyama ya hewa. Leo nina nyama ya kweli, unaniuzia mifupa. Na ningekwenda hospitali nikiringa, nirudishwe mbele za watu!"

"Nilikuwa nakuonea huruma."

"Huruma yako ina kilo nne, mume wangu, na mimi ndiye nimezibeba kwa goti moja."

Chipsi zikafika. Hakuzigusa. Akamsukumia mume sahani moja, akamwamuru ale yote yeye akitazama. Sijawahi kuona mtu akila chipsi kwa majonzi vile. Sahani ya pili nilikula mimi. Zilikuwa zimeshanunuliwa.

Siku zilizobaki nyumba nzima ilikula mboga za kuchemsha, na mume alikula za kwanza. Shemeji alikataza kitufe kuguswa, na mizani ikasema kweli kwa mara ya kwanza tangu enzi za uchumba wao. Ilikuwa balaa. Mwalimu mmoja aliyekuwa amefurahi wiki iliyopita aliambiwa ameongezeka kilo nne. Akasema mizani imeharibika, na mtu mzima hapaswi kufanya utapeli mchana kweupe. Mtapeli, sasa, kwa kusema kweli! Wengine walipanda mara mbili, wakashuka, wakaja kwangu kuulizia arobaini na mbili.

Siku ya hospitali nilifunga kazi, nikamshika shemeji mkono mmoja, mumewe mwingine. Nesi akampandisha. Jirani yangu, aliyesoma mishale maisha yake yote, aligeuka akatazama ukuta. Themanini na tisa na nusu. Nesi akaandika kama anavyomwandikia kila mtu. Hakusema umependeza, hakusema umekonda, akaita anayefuata.

Goti likatengenezwa. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji shemeji akarudi kwenye pasi. Mumewe naye alivumilia ukweli wiki chache, kisha nikamwona anachezea kitufe.

"Mbili tu," akaniambia. "Nne zilikuwa nyingi."

Asubuhi mke akapita akienda kazini, miguu yote miwili ikipiga lami sawasawa.

"Panda basi tukuone!" mume akamwita.

"Wewe pima wageni," akajibu bila kupunguza mwendo. "Mimi nikitaka kujua, nesi namjua alipo."

Akavuka barabara. Mume akamtazama mpaka alipokata kona, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa amesimama tayari, viatu mkononi.

"Karibu, bosi. Mbona umepungua hivi?"