Shangazi na Kangambili wa Shamba la Pamba

Baba alinipigia simu nikiwa gengeni kwangu Nyasho, nampimia mteja dagaa.

"Sara, shangazi yako Benedikta ametutoka."

Kabla sijaanza hata kulia, akaongeza, "Makongoro ameshajua. Anakuja kumchukua akamzike kwake."

Makongoro alikuwa mume wake. Hawakujaliwa watoto. Shangazi alimkimbia Butiama nikiwa darasa la tatu, akarudi kwetu Bunda kwa kaka yake, yaani baba, na mkono wa kushoto ambao haukunyooka tena. Baba alimpa kipande cha shamba. Pamba yake ndiyo iliyonisomesha hadi kidato cha nne. Aliimba kwaya. Hata hivyo kanisani wengine walimwita mke mtoro, nasi ndugu zake tulinyamaza.

Msimu mmoja, wakati wa kuvuna, tulikuta kangambili, wale wadudu wekundu wanaochafua pamba, wameshikana wawili wawili nyuma kwa nyuma. Jike ndiye mkubwa. Anatembea, anakula, na dume anaburutwa nyuma yake kutwa nzima.

"Muoneni huyu mama," Shangazi alisema. "Anatafuta chakula na mtu kamng'ang'ania. Akitokea ndege, atakimbiaje?"

Jirani yetu Grace akacheka. "Wewe wako si ulimtua Butiama?"

"Nilimtua, dada. Nikifa msinibebeshe tena. Nizikeni hapahapa."

Baba alikuwa anafunga gunia. Aliitikia, "Sawa, Benedikta."

Msibani Makongoro alifika na ndugu zake na gari. Hakupaza sauti.

"Shemeji, nirudishie ng'ombe zangu, umzike dada yako hapa."

Baba alitazama chini. Ng'ombe wa mahari ya Shangazi ndio aliowatumia kumwoa mama. Bila wao mimi nisingezaliwa. Sasa zizini hatukuwa na hata ndama.

Grace peke yake ndiye aliyemwambia baba, "Mugeta, si uliitikia?"

Mimi ninayesali rozari kila jioni niliinuka, nikaanza kukunja nguo zake ziende naye.

Alizikwa Butiama, nyuma ya nyumba aliyoikimbia. Katekista aliongoza sala. Makongoro alitupa udongo wa kwanza, kwa kuwa ni mume. Baba akafuata, kisha mimi. Kwaya yake haikupata usafiri, tukaimba sisi wachache. Tulikunywa chai, tukaaga, tukarudi Bunda.