Fundi Anayesoma Gazeti Kabla ya Kulikata

Saa moja asubuhi, kibarazani, gazeti la zamani limetandazwa mezani na mkasi uko mkononi, lakini Mama Pindo hakati. Anasoma kwanza, midomo ikimchezacheza. Mteja aliyeleta kitambaa cha gauni ameanza kununa.

"Fundi, tunashona au tunasoma habari?"

"Vyote, dada. Simama wima nikupime."

"Haya. Ila hili usije ukalipeleka shule kama lile lingine!"

Wanacheka wote wawili. Kisa wanakijua.

Mafundi wa hapa hukatia vipimo vyao kwenye magazeti ya zamani, mkono, kola, kiuno, kisha huyabana kwa pini juu ya kitambaa. Mama Pindo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa pindo zake hazifumuki, amefanya hivyo miaka na miaka bila kujali kilichoandikwa. Mwaka huu ilimbidi kujali.

Aliacha shule kidato cha pili alipopata mimba. Sasa binti aliyezaliwa wakati ule yuko kidato cha nne, na mama naye anahudhuria masomo ya jioni. Anataka kufundisha ushonaji kwenye chuo cha ufundi, na chuo hakimpokei mtu asiye na cheti cha sekondari, hata akishona kwa macho yaliyofumbwa.

Somo lililomtoa jasho ni kuchambua lugha ya ushawishi magazetini. Mwalimu aliwapa makala yenye kichwa "Vibaraza Vyetu Vimetekwa". Mwandishi aliitaka manispaa iwaondoe mafundi wa vibarazani.

"Nilimshukia!" anasema Mama Pindo. "Kurasa nne. Nikamuuliza suruali zake anapunguziwa na nani."

Kazi ilirudi na alama za kusikitisha, na maneno ya mwalimu chini yake: "Umemjibu vizuri. Lakini amefanya nini mpaka ukapandwa na hasira hivi? Hilo ndilo swali." Akapewa nafasi moja tu: aeleze mbele ya darasa siku ya Ijumaa. Akishindwa, hafanyi mtihani wa mwaka huu.

Ijumaa mchana makala haikuonekana. Binti yake ndiye aliyeigundua.

"Mama, si hii hapa? Umeikatia gauni la watu!"

Kweli. Kichwa cha habari kilikuwa mkononi, picha kwenye kola, maelezo kiunoni, na pini zimeshika kila kitu. Mama Pindo akakikunja kitambaa kama kilivyo, akaenda nacho darasani.

Walimcheka. "Leo tunachambua au tunapimwa?" Yeye akabandua kola, akainyanyua juu: picha ya cherehani moja, iliyopigwa kutoka usawa wa sakafu, ikaonekana imeziba kibaraza kizima.

Akaendelea na kiuno. "Hapa anasema wakazi wamechoka. Wakazi gani? Hajamtaja hata mmoja. Hapa anatuita wavamizi, na mimi kibaraza nakilipia kodi. Na huu mkono unasema vibaraza vyetu. Msomaji keshawekwa upande wake kabla hajafikiri, mimi nimeachwa nje."

Kicheko kikakatika.

"Vikiwa pamoja vilinichoma roho," anasema. "Vilipokuwa vipande nikaona kila kimoja kimewekwa pale kwa kazi gani. Gauni ukitaka kujua lilivyoshonwa, unalifumua."

Mwalimu wake hana maneno mengi. "Safari hii hakugombana na mtu. Nikampitisha. Pini moja ilinichoma kidole, lakini nikampitisha."

Mtihani uko mbele, na mafundi bado hawajui kama wataondolewa. Mama Pindo anasoma asubuhi kabla wateja hawajajaa. Pia ameandika barua kwa mhariri wa gazeti lile lile, na anaipitia huku akimpima mteja wake, binti yake akimsomea kwa sauti.

Binti anasimama kwenye sentensi ya tatu. "Hapa ulikuwa umeandika mamia ya mafundi watakosa kazi. Mbona umefuta?"

"Kwani tuko mamia? Kibaraza hiki tuko kumi na mmoja. Andika kumi na mmoja."

"Mama, kumi na mmoja haitishi mtu."

"Haitishi," anasema, akichukua mkasi. "Lakini wakija kutuhesabu, watatukuta."